Mzee Weston: jamaa aliyechelewa kuapishwa kwa Lincoln, akaendelea kutembea miaka 50 zaidi



Leo naweka pembeni siasa na bei ya unga. Nataka niwape stori ya Mmarekani mmoja aliyekufa zamani sana, mwaka 1929, ambaye kazi yake ilikuwa moja tu: kutembea. Sio kukimbia jamani, kutembea! Kwa miguu miwili, kwa mashindano, na watu wanalipa kiingilio kuja kumwangalia. Anaitwa Edward Payson Weston. Enzi zake magazeti ya New York na London yalimwandika kama leo yanavyowaandika wacheza mpira. Sababu ya kumleta hapa nitaisema huko mbele, kwa hiyo wewe uliyelipia nusu saa hapo kafe usifunge ukurasa.

Weston alizaliwa tarehe 15 Machi 1839 katika mji wa Providence, jimbo la Rhode Island. Utotoni alikuwa mwembamba na dhaifu, sio mtoto ambaye ungemwona ukasema huyu ndo bingwa wa kesho. Baba yake aliondoka kwenda California wakati ule watu wamepandwa na wazimu wa dhahabu. Kijana akahangaika na kazi za hapa na pale, mwishowe akawa tarishi katika gazeti la New York Herald. Inasimuliwa kwamba siku moja kuna mzigo ulipelekwa kimakosa na gari la farasi, likawa limeshatokomea mtaani. Weston akalifukuzia kwa miguu mpaka akalipata. Bosi akafurahi, akamuongeza mshahara. Kumbe miguu ni ajira!

DAU LA KARANGA

Sasa twende kwenye safari yake ya kwanza ya mashindano, manake hapo ndo utamu ulipo.

Mwaka 1860 Marekani kulikuwa na uchaguzi. Weston akawekeana dau na rafiki yake. Yeye akasema Abraham Lincoln hashindi. Masharti ni haya: atakayekosea atatembea kwa miguu kutoka Boston mpaka Washington, kwa siku 10, afike kumshuhudia rais mpya akiapishwa tarehe 4 Machi 1861. Na zawadi ya mshindi? Karanga! Ndio, umesoma vizuri, vikombe kadhaa vya karanga.

Lincoln akashinda. Weston akafunga viatu.

Akaondoka Boston tarehe 22 Februari 1861, katikati ya baridi kali, theluji kila mahali. Umbali ni maili 478, yaani kama kilomita 769. Kwa mtu wa Dar, hiyo inakaribia safari ya Mbeya. Nyuma yake wenzake walimfuata na gari la farasi. Mwanzo tu wa safari akazuiwa kwa ajili ya deni alilokuwa anadaiwa, muda ukapotea hapo. Njiani alianguka mara kadhaa kwenye theluji, akala huku anatembea, akalala vipande vipande popote alipopewa nafasi. Huku nyuma alikuwa anagawa matangazo ya makampuni yaliyomchangia nauli ya tumbo. Jamaa alijua biashara mapema.

Akaingia Washington tarehe 4 Machi kama saa 11 jioni. Lincoln ameshaapishwa mchana uleule! Kilomita 769, halafu unachelewa kwa saa chache. Ingekuwa wewe ungejisikiaje?

Lakini usiku akahudhuria dhifa ya rais mpya, akampa mkono Lincoln. Rais aliposikia habari yake akataka kumlipia nauli ya treni ya kurudi nyumbani. Weston akakataa kwa adabu. Alimweleza kwamba kwa kuwa amekosa kufika kwa wakati, bora arudi kwa miguu ajaribu tena.

Wadau, hilo jibu ndo maisha yake yote. Nimesoma habari za huyu mzee kwa muda sasa, na nimegundua kitu ambacho wengi wanaomsifia hawakisemi: karibu kila jambo kubwa alilofanya, mara ya kwanza lilimshinda. Fuatilia hesabu hii.

ALISHINDWA, AKARUDI

Mwaka 1867 akachukua dau jingine, safari hii sio karanga. Dola 10,000! Kutembea kutoka Portland, Maine, mpaka Chicago, zaidi ya maili 1,200, kwa siku 30, na Jumapili asitembee. Jumapili alikuwa hatembei kwenye safari zake kwa sababu ya ahadi aliyompa mama yake. Wacheza kamari waliokuwa wameweka hela zao upande wa pili walimtishia maisha. Akafika Chicago kwa wakati, mji mzima ukatoka kumpokea. Ila ndani ya masharti kulikuwa na kipengele kwamba siku moja njiani atembee maili 100 ndani ya saa 24. Alijaribu mara 5. Mara zote 5 akashindwa, na sehemu ya pesa yake ikaenda na maji.

Akahamia mashindano ya ndani ya kumbi. Wakati ule ulikuwa mchezo mkubwa kweli Marekani na Uingereza: unatengeneza njia ya duara ndani ya ukumbi, watu wanakaa pembeni wanavuta sigara na kucheza kamari, muziki unapigwa, watembeaji wanazunguka mchana na usiku. Mashindano yenye jina yalikuwa ya siku 6. Kwa nini 6? Kwa sababu Jumapili michezo ya kulipia haikuruhusiwa, kwa hiyo unaanza usiku wa kuamkia Jumatatu unamaliza Jumamosi usiku. Weston alisema atatembea maili 500 (kilomita 805) ndani ya hizo siku 6. Akajaribu, akashindwa. Akarudia, akashindwa tena. Watu wakaanza kumwita tapeli. Desemba 1874, mji wa Newark, New Jersey, akamaliza maili 500 ikiwa imebaki chini ya nusu saa!

Hapo unaweza kudhani amefika. Wapi! Mwaka 1875 akatokea Daniel O'Leary, mhamiaji kutoka Ireland aliyekuwa akiuza vitabu nyumba kwa nyumba Chicago. Kutembea mlango kwa mlango kumbe lilikuwa zoezi tosha. O'Leary alitembea ameshika magunzi ya mahindi mikononi yamnyonyee jasho, mgongo umenyooka, macho mbele. Weston yeye alikuwa mtu wa maonyesho: shati la madoido, kifimbo mkononi, wakati mwingine anapuliza tarumbeta huku anatembea ili watazamaji wasisinzie. Novemba 1875 wakakutana Chicago. O'Leary maili 503, Weston 451. Kichapo cha wazi.

Weston akavuka bahari kwenda Uingereza. Februari 1876, London, akashindana saa 24 na William Perkins, aliyekuwa bingwa wa huko. Perkins miguu ikamkataa akiwa na kama maili 65, Weston akaendelea mpaka 109 na nusu. Ila ikajulikana kwamba alikuwa anatafuna majani ya koka, mmea ule ambao kokeini inatolewa. Wakati ule haikukatazwa na sheria wala kanuni yoyote ya mchezo, lakini madaktari wa Uingereza walibishana sana. Nalisema hili kwa sababu sitaki kumpamba mtu. Leo angepimwa na kufungiwa.

Aprili 1877 O'Leary akamfuata hukohuko London, kwenye ukumbi wa Islington. Bwana mkubwa mmoja, Sir John Astley, mbunge na mpenda michezo, akaweka dau zito kwa Weston. Weston akatembea maili 510, zaidi kuliko alivyowahi kutembea kwa siku 6. O'Leary akamaliza na karibu 520. Astley akalia na hela zake, halafu akaanzisha mkanda wa ubingwa wa dunia wa kushindaniwa, kama ule wa ngumi.

KWA NINI NIMEMLETA HAPA

Sasa niseme. Mwaka jana nilijiandikisha mashindano ya kutembea kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kilomita 10. Washikaji wa kijiweni walicheka mpaka machozi. Wakaniuliza, kutembea nako ni mchezo? Mbona sisi tunatembea kila siku kwenda kazini na hatupewi medali?

Swali zuri. Nami nilikuwa najiuliza hivyohivyo mpaka nilipofundishwa kanuni. Ziko 2 tu, lakini utaziheshimu. Ya kwanza, mguu mmoja lazima uwe chini muda wote. Mwamuzi akiona kwa macho yake miguu yote 2 iko hewani, huo ni mkimbio. Ya pili, ule mguu unaotangulia lazima goti liwe limenyooka tangu unapogusa ardhi mpaka mwili unapopita juu yake. Jaribu hapo ulipo, nenda korido na urudi, halafu uniambie! Ndo maana nyonga zinazunguka namna ile watu wanayoichekelea. Usipozungusha nyonga hatua inakuwa fupi. Waamuzi wamesimama njiani, na kadi nyekundu kutoka kwa waamuzi 3 tofauti zinaweza kukutoa mashindanoni.

Kitu kingine kinachouma ni hiki: mwili unataka kukimbia. Ukichoka kwenye mbio za kawaida unapunguza mwendo. Kwenye kutembea, mwili ukichoka ndo kwanza unakushawishi ukimbie kidogo, manake kukimbia ni rahisi zaidi kwa mwendo ule. Kwa hiyo muda wote unapambana na miguu yako mwenyewe. Pale kwenye shini, mbele ya mguu, panawaka moto.

Nilimaliza wa 3 kutoka mwisho. Mbele yangu kulikuwa na mama mmoja wa makamo aliyenipita kilomita ya 7 akanisalimia, nami nikamwamkia shikamoo kwa pumzi ya mwisho. Nyuma yangu wazee 2. Nilipofika nyumbani nikaanza kutafuta habari za watu waliowahi kufanya mchezo huu, ndo nikakutana na Weston aliyechelewa Washington. Tangu hapo sioni aibu ya ile nafasi.

Kwa wanaodhani ni mchezo wa wazungu tu: Olimpiki ya London ya 1908 ilikuwa na mashindano 2 ya kutembea, wanawake wakaingia Barcelona 1992, na mwaka 2018 jirani yetu Samuel Gathimba wa Kenya alichukua medali ya shaba ya kilomita 20 Jumuiya ya Madola kule Gold Coast, Australia. Na hata enzi za Weston alikuwepo Mweusi aliyetoka Haiti akakulia michezo Boston, Frank Hart. O'Leary mwenyewe ndo alimfundisha. Mwaka 1880 Hart alishinda New York kwa maili 565 ndani ya siku 6, huku akitukanwa na baadhi ya watazamaji kwa rangi yake. Tutamwandikia siku yake.

MWAKA AMBAO HAKUNA ALIYEMTEGEMEA

Turudi kwa mzee. Mwanzoni mwa 1879 alitangaza atatembea barabara za Uingereza maili 2,000 ndani ya saa 1,000. Barabara za matope, mvua, na watu wanamzonga kila mji akashindwa kupita. Saa zikaisha akiwa na maili 1,977 na nusu. Zimebaki 22 na nusu, kama kilomita 36 tu! Magazeti yakamcheka. Ilionekana huyu ni wa kushindwa dakika za mwisho maisha yake yote.

Juni mwaka huohuo akajiandikisha kugombea ule mkanda wa Astley. Ana miaka 40. Kwenye mkanda ule kanuni zilikuwa zimelegezwa, ukitaka tembea, ukitaka kimbia. Weston alikuwa mtu wa kutembea tu, kwa hiyo kila mtu alimuona msindikizaji. Jamaa kumbe alikuwa amejifunza kukimbia kimyakimya. Akapiga maili 550, kilomita 885, rekodi ya wakati ule, akachukua mkanda. Miezi mitatu baadaye akaupoteza New York kwa Mwingereza Charles Rowell. Ndo mchezo.

Majira ya baridi ya 1883 hadi 1884 akarudi Uingereza akatembea maili 5,000 kwa siku 100, maili 50 kila siku, Jumapili mapumziko. Jioni akifika mji anatoa hotuba kuwaasa watu waache pombe. Zile saa 1,000 zilizomshinda akawa amezilipa na riba.

MIAKA 70, NCHI NZIMA

Mchezo wa kumbi ukafa, baiskeli zikachukua watazamaji, halafu yakaja magari. Mzee akazeeka, lakini hakukaa. Mwaka 1907, akiwa na miaka 68, akarudia ile safari ya Portland mpaka Chicago. Akaipiga rekodi yake mwenyewe ya ujana kwa zaidi ya siku nzima. Miaka 40 baadaye!

Tarehe 15 Machi 1909, siku anatimiza miaka 70, akaondoka New York kwenda San Francisco, kama maili 3,900. Lengo siku 100 bila kuhesabu Jumapili. Gari lililobeba nguo na chakula chake lilikwama kwenye tope na kumwacha peke yake mara nyingi. Theluji, upepo, halafu joto. Huko magharibi alifuata reli kwa sababu barabara hakuna. Akafika kwa siku 104 na saa kadhaa. Dunia ikamshangilia, lakini yeye mwenyewe aliona ni pigo kubwa. Siku 4! Mtu wa miaka 70 amevuka bara zima, analia kwa siku 4.

Sasa nadhani mmeshamzoea, mnajua alifanya nini. Februari 1910 akaanza upya, safari hii kutoka Los Angeles kurudi New York, lengo siku 90. Akatumia 77. New York ikafurika watu, meya akampokea. Mwaka 1913, akiwa na miaka 74, akatembea tena kutoka New York mpaka Minneapolis, maili 1,546, siku 51.

MWISHO WAKE

Natamani ningewaambia aliishi kwa raha. Pesa hakuwahi kuijua kuishika. Madeni yaliyomzuia Boston mwaka 1861 yalimfuata miaka yote. Uzeeni alikuwa hana kitu, akakutwa anazurura mitaa ya New York. Mwaka 1927 mwandishi wa michezo ya kuigiza, Anne Nichols, akamwekea mfuko wa dola 30,000 wa kumtunza. Muda mfupi baadaye akagongwa na teksi. Hakutembea tena. Yeye ambaye kwa miaka alikuwa anawaonya Wamarekani kwamba magari yatawafanya wasahau miguu yao! Alifariki Mei 1929, Brooklyn, ana miaka 90.

Sitaki kuwadanganya kwamba kila anayeshindwa atashinda baadaye. Wengi wanajaribu mara 5 na mara ya 6 wanashindwa pia, na Weston ana yake ambayo hakuyapata kamwe: O'Leary hakumfunga katika zile mbili kubwa. Ninachosema ni kidogo kuliko hicho. Mara yako ya kwanza haiko pale kukuambia wewe ni nani. Iko pale kukupa namba. Umekuta saa chache, maili 22, siku 4. Sasa unajua pengo lako ni kiasi gani, na ukitaka unaweza kulifanyia kazi.

Na kwa wale mnaotembea kila siku kwa sababu nauli imekata: Weston naye alianza hivyo, tarishi anayefukuzia gari la farasi. Hiyo miguu sio ya umaskini.

Haya wadau, uwanja ni wenu. Kuna yeyote humu aliyewahi kushindana kutembea? Ulipata kadi? Na mnaobisha kwamba huu sio mchezo, leteni hoja hapo chini, ila kwanza jaribuni ile ya goti kunyooka mpaka kona ya mtaa. Naomba tu tusitukanane.